Vifagizi Katika Damu ya Bi Mwanahawa

Ndani ya mishipa ya Bi Mwanahawa, vifagizi milioni tatu vilikuwa kazini. Ni mashine ndogo kuliko chembe ya damu, na kazi yake ni moja tu: kuzoa oksijeni kali, ile inayounguza kuta za mishipa mpaka zikavimba na kuibana njia ya damu. Kwa miaka sita mkono wake wa kushoto haukuwa na mapigo. Sasa ulidunda, na jiji zima la Tanga lilimjua aliyevibuni vifagizi hivyo: Mhandisi Sikudhani, bintiye.

Ijumaa moja Sikudhani alikwenda kula kwa mama yake, akakuta jambo lililomkosesha raha. Mama anakula wali kwa kijiko!

"Mama, tangu lini?"

"Uzungu umeniingia." Bi Mwanahawa akacheka peke yake.

"Na hiyo subana mbona huivui kidoleni? Unashona huku unakula?"

Mama, mshona kofia tangu usichana wake, akauingiza mkono wake wa kulia ndani ya kanga. Sikudhani akautoa taratibu, akaivua subana. Kidole kilikuwa kimevimba, kimetunga usaha. Sindano ilimchoma wiki tatu nyuma.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Watu wananisimamisha njiani kunipongeza kwa ajili yako. Niwe mimi wa kukutia doa, mwanangu?"

Sikudhani akaelewa, na moyo ukamuuma. Chembe nyeupe za damu huua vijidudu kwa oksijeni ileile kali. Yeye aliviagiza vifagizi visisaze hata tone. Askari wa mwili wa mama yake walikuwa wamenyang'anywa silaha, na aliyewanyang'anya ni yeye. Alilia kama mtoto.

"Nikivipunguza, kidole kitapona kwa dawa," alisema alipotulia. "Lakini ugonjwa utarudi mkononi. Si wote, ila utarudi."

"Dawa ya moto ni moto. Wewe umeuzima wote, hata wa kupikia. Punguza." Kisha akauliza, "Na wenzangu waliotiwa vifagizi?"

"Wako mia nne. Nitawaita kesho, niwaambie nilikosea."

"Leo," mama akamsahihisha.

Aliwaita siku hiyohiyo. Kidole cha mama kilipona baada ya siku kumi na mbili. Mkono wa kushoto nao ukaanza kuchoka mapema, na mapigo yake yakawa ya kutafutwa kwa vidole. Asubuhi moja ulimlegea katikati ya ushonaji, kofia ikamponyoka.

Sikudhani, aliyekuwa ameketi karibu naye, hakuwahi kushona maishani mwake. Kiburi cha vitabu. Akasogea, akaiokota.

"Nishikie hapa," mama akamwambia. "Usikaze hivyo, kitambaa si adui yako."

Akalegeza vidole. Mama akachoma sindano.