Nguo Zako Tayari, Bibie

Duka lilikuwa limejaa siku ile. Watu wanabanana kati ya friji na feni, spika kubwa inapiga taarabu mlangoni, na muuzaji mmoja anahudumia wote. Ghanima alikuwa amesimama mbele ya mashine za kufulia muda mrefu, mpaka muuzaji akaanza kumchukia. Buibui lake lilikuwa safi, limepigwa pasi, na ushungi wake wa zambarau umekaa sawasawa. Lakini mikono, jamani! Mikono ile ilikuwa imechunika vidoleni, myekundu kama ya mtu aliyeshinda akimenya pilipili.

"Chukua hii ya kufungulia juu, dada. Watu wengi wanaipenda."

"Inachemsha maji?"

"Hii haichemshi. Inayochemsha ni hii ya mlango wa mbele, mpaka nyuzi tisini. Inakula maji kidogo, inakamua nguo zinatoka nusu kavu, halafu ina akili. Ukiiunganisha na simu, inakwambia imefika wapi. Unaweza kuiwasha hata ukiwa sokoni."

"Ina kelele? Majirani watasikia?"

"Kidogo sana."

"Na harufu? Inabakisha harufu?"

"Harufu gani, dada?"

"Harufu tu," alisema Ghanima, akatazama pembeni.

Nyuma yake mtu akacheka. "Maswali yote hayo, bibie, unainunua au unaiposa?"

Ghanima aligeuka. Alikuwa mwanamume wa makamo, kofia ya viua imekaa upande, shati jeupe limejaa madoa ya machungwa kifuani. Jina lake Mutasim, mfanyabiashara wa machungwa wa Muheza, na alikuja kununua feni tu.

"Wewe shati lako hilo linahitaji mashine mbili," Ghanima alimjibu.

"Madoa ya machungwa hayatoki. Nimeshayakubali." Akatabasamu. "Ukiichukua, nina pikapu hapo nje, imeshusha mzigo. Nitakupelekea."

Ghanima alisita. Ilikuwa siku nyingi tangu mtu amtanie, na alikuwa amechoka mno kukataa msaada. "Mpaka lango la uani tu," alisema.

Basi mashine ikafika nyumbani kwa Ghanima, mtaa wa Usagara, na kwa uzito wake Mutasim akasaidia kuiingiza uani. Fundi wa duka, kijana mmoja aitwaye Hosea, akaiweka chini ya kibanda cha mabati uani, akatoa boliti za nyuma zilizoifunga kwa safari ("usipozitoa hizi, mama, itazunguka uani kote"), akaunga mpira wa maji kwenye tangi. Ilipofika zamu ya simu, simu ya Ghanima ikakataa. Ilikuwa ya zamani, kioo kimepasuka.

"Simu yoyote tu inafaa," Hosea alisema. "Siku ukipata nyingine utahamisha."

"Tumia yangu," alisema Mutasim, akaandika na namba ya Ghanima.

Dirisha moja lililotazama uani lilikuwa na pazia limeshushwa. Nyuma ya pazia mtu akakohoa.

"Ni nani?" Mutasim aliuliza.

"Baba," Ghanima alijibu haraka. "Amepumzika. Mzima wa afya." Kisha akawasindikiza mpaka langoni, akafunga komeo.

Kesho yake asubuhi simu yake ikalia.

"Asalaam aleikum. Nguo zako tayari, bibie."

"Wewe! Umejuaje?"

"Simu yangu imelia. Niko juu ya lori la machungwa hapa, nikasema ngoja nimwambie, zisije zikakunjamana humo ndani."

"Haya, asante. Lakini povu limejaa uani kote. Nifanyeje?"

"Umetia sabuni kiasi gani?"

"Vikombe viwili."

"Vikombe! Bibie, hilo si beseni. Vijiko viwili, tena ile sabuni isiyotoa povu jingi."

Ghanima alicheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo.

Wapo waliokutanishwa na harusi, wapo waliokutanishwa na msiba. Hawa walikutanishwa na sabuni ya unga. Kila mashine ilipomaliza, simu ya Mutasim ililia, naye akampigia. Mara ni nguo ziko tayari, mara ni umekula nini, mara ni leo nimeota uko Muheza unanichagulia machungwa. Asubuhi ikawa "bibie," mchana ikawa "mpenzi," na siku moja jioni ikawa "roho yangu," na hakuna aliyejitia kushangaa.

"Nije lini kumwamkia mzee?" Mutasim aliuliza. "Nataka kuja kwa mlango wa mbele, na heshima zangu."

"Baba hapendi wageni."

"Wageni hapendi. Na mkwe je?"

"Subiri, Mutasim. Subiri kidogo."

Sasa nikwambieni alichokuwa akikificha, maana nyie si watu wa Usagara, hamtamtangaza. Babake, Mzee Turki, alikuwa na mashamba ya minazi kule Moa, na akipita njiani na kanzu yake nyeupe watu walisimama kumsalimu. Kiharusi kikamlaza. Miguu ikafa, na haja zikawa zinamtoka mwenyewe hana habari. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Wanawe wa kiume wako Maskati, wanatuma pesa, wamemwekea intaneti nyumbani wapate kumwona, na wanalia kwenye simu. Akabaki Ghanima. Binti amsafishe babake! Kwa mzee yule hilo lilikuwa zito kuliko ugonjwa wenyewe. Ghanima alimfunika kikoi, akageuza uso, mzee akafumba macho, na hakuna aliyemsemesha mwenziwe mpaka kazi iishe. Siku ya kwanza kabisa mzee alimshika mkono akamwapisha.

"Nisitiri, mwanangu. Asijue mtu."

Akaapa. Ndiyo maana shuka zilianikwa ndani ya kibanda, nyuma ya kanga, zikachelewa kukauka. Ndiyo maana wageni waliambiwa mzee amelala, na Ghanima akaacha kazi yake ya ualimu akisema amechoshwa na watoto wa watu. Alikuwa amechoka, ndiyo, ila si na watoto. Usingizi wenyewe ulikuwa haumpumzishi tena.

Huko Muheza, Mutasim alikuwa na dada, jina lake Tausi, na Tausi ana macho.

"Simu yako hiyo inalia mara ngapi kwa siku?" aliuliza.

"Mara mbili, siku nyingine zaidi. Bibie anafua."

"Nyumba ina watu wangapi?"

"Yeye na babake."

"Watu wawili, wafuliwe mara mbili kwa siku, tena kwa maji ya moto? Kaka, huyo ana mume. Au ana watoto wachanga kawafungia ndani. Umewahi kupita sebuleni?"

Hakuwahi. Na Mutasim alikuwa na kidonda chake. Mke wake wa kwanza alimficha kila kitu mpaka siku aliyobeba sanduku lake akaondoka. Neno la Tausi likakaa pale kwenye kidonda, likamwasha kutwa. Jioni akapiga simu, na safari hii hakusema nguo ziko tayari.

"Ghanima, nikuulize kitu? Usikasirike."

"Mtu akianza hivyo anajua nitakasirika."

"Unamfulia nani?"

Ghanima alitazama dirisha lenye pazia.

"Kila siku, mara mbili, nyuzi tisini. Kama una mume niambie, nijue moja."

"Kumbe ulikuwa unanihesabia?"

"Sikuhesabu! Simu ndiyo inaniambia."

"Nilidhani unanipigia kwa kunipenda. Kumbe unanichunguzia beseni langu."

"Basi niambie ni uongo! Neno moja tu, Ghanima, nami nitaamini."

Alifungua mdomo. Neno lilikuwepo, liko ulimini kabisa, lakini halikuwa lake. Lilikuwa la babake.

"Usinipigie tena," alisema, akakata simu.

Usiku ule hakulia, alikuwa hana nguvu za kulia. Asubuhi akaichomoa mashine kwenye umeme, akaifunika kanga. Angeweza kuitumia bila intaneti, asijue mtu, lakini hilo hakulijua, na wa kumuuliza ndiye huyo aliyemkataza kupiga simu. Akatoa beseni. Akarudi kwenye kufikicha kwa mkono, maji baridi, sabuni ya mche, na ile ngozi iliyokuwa imeanza kupona ikachunika upya.

Muheza nako simu ya Mutasim ilinyamaza. Machungwa yalipakiwa, yakaondoka, na yeye kila mara anaitoa simu mfukoni. Kwenye simu ile mashine ilikuwa imeandikwa haipatikani. Tausi akamwambia, "Umeona? Nilikwambia." Akamjibu dada yake kwa ukali, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Mzee Turki alikuwa amelala kitandani, lakini masikio yake yalikuwa mazima. Alisikia beseni. Akasikia shuka zinapigwa kwenye jiwe. Alivumilia siku chache, kisha akaita.

"Ghanima! Mashine imeharibika?"

"Hapana, baba."

"Umeme umekatika?"

"Upo."

"Basi mbona unafua kwa mikono? Na yule aliyekuwa akikuchekesha kwenye simu yuko wapi? Siku hizi huchekeshwi."

Ghanima alisimama mlangoni, maji yanamchuruzika viwikoni. "Aliuliza shuka ni za nani."

Mzee akageuza kichwa kwenye mto. "Nawe hukumwambia."

"Niliapa, baba."

"Njoo nione mikono yako." Akaishika, akaigeuza, akaitazama kwa muda. "Nipe hiyo simu."

Siku ya pili yake asubuhi Mutasim alibisha mlango wa mbele. Shati lake lilikuwa jipya, halina doa hata moja, limekunjamana kwa safari. Ghanima alimfungulia bila kumtazama usoni. Sebuleni Mzee Turki alikuwa ameketishwa kitini, kanzu nyeupe, kofia kichwani, kama zamani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa kitako. Wewe ndiye uliyeuliza shuka ni za nani?"

Mutasim akainamisha kichwa.

"Ni zangu," mzee alisema. "Mimi Turki. Najichafua kama mtoto mchanga, na binti yangu ndiye anayenisafisha. Hana mume. Hana mtoto. Nilimwapisha asiseme, naye akakuacha wewe kuliko kunivunjia mimi kiapo. Leo nimesema mwenyewe."

"Baba," Ghanima alinong'ona.

"Wacha niseme, mwanangu. Imetosha."

Mutasim alikuwa hajui aweke wapi macho. "Nisamehe, mzee. Dada yangu alisema... alisema labda kuna watoto ndani. Mimi nikawaza mpaka nikafika kwenye mapacha."

Mzee akamkodolea macho. Halafu akacheka. "Mapacha!" Ghanima alikuwa hajamsikia babake akicheka tangu augue. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akashika kiti, na ghafla akanyamaza. Uso wake ukabadilika. Ghanima alijua hata kabla ya ile harufu kufika. Akainuka kuchukua kikoi.

Mzee alifumba macho. Chozi likamtoka. "Haya, sasa umeona," alisema.

Mutasim akasimama. Anaondoka, Ghanima aliwaza, na hawezi kulaumiwa. Lakini Mutasim alivua saa yake, akaiweka mezani. Akakunja mikono ya shati lake jipya.

"Bibie, toka nje kidogo."

"Nini?"

"Tupishe. Mwanamume atasafishwa na mwanamume mwenziwe. Mzee, kama utaniruhusu."

Mzee alifumbua macho, akamtazama.

"Maji yamo kwenye ndoo ile," alisema Mzee Turki.

Ghanima alisimama uani, mikono imening'inia, hajui aipeleke wapi. Mlango ulikuwa umerudishwa, lakini sauti zilipita.

"Shika hapa. Si hapo, kijana, utaniangusha!"

"Hapa?"

"Enhe. Polepole. Na hicho kikoi unakifunga kama mtu wa Muheza."

"Mimi ni mtu wa Muheza, mzee."

Kisha akamsikia babake akiuliza machungwa ya mwaka huu yamezaaje, na Mutasim akimjibu kwamba yamezaa lakini barabara za shamba zimeharibika, na babake akisema hata Moa zamani ilikuwa hivyo hivyo. Walikuwa wanazungumza! Kwa muda wote aliomsafisha babake, hawakuwahi kusemeshana hata neno moja. Ghanima akaegemea ukuta, akalia, yale machozi aliyokosa nguvu za kuyalia.

Mlango ukafunguka kidogo, mkono ukatoa bunda la nguo. Akalipokea. Akaiondoa kanga juu ya mashine, akachomeka waya, akafungua ule mlango wa mbele, akaingiza kanzu na shuka mbili. Vijiko viwili vya sabuni. Nyuzi tisini.

Baadaye Mutasim alitoka, akanawa bombani, akaketi kwenye kizingiti karibu naye. Shati lake lilikuwa limelowa.

"Amelala," alisema.

"Mutasim, mimi nimechoka. Sikudanganyi. Mashine inafua, lakini haimgeuzi baba, haimwinui. Ukinioa mimi utaoa na shuka."

"Nimeshaziona shuka."

"Ni kila siku."

"Na mimi si nilikuwa nikikupigia kila siku?" Akatazama mikono yake Ghanima, akaishika. "Ijumaa namleta Tausi kuposa. Atakuomba radhi kwanza, kisha atakula wali wako."

"Na wewe hukuniomba."

"Naomba. Nilikosa, Ghanima. Ningekuja kubisha hodi badala ya kuuliza."

Ghanima aliegemeza kichwa begani kwake, pale palipolowa, akafumba macho. Mashine ilizunguka, ikakamua, ikapunguza mwendo. Simu ya Mutasim ikalia mfukoni. Akaitoa, akaisoma, akabonyeza namba. Simu yenye kioo kilichopasuka ikaita mapajani kwa Ghanima.

Akaipokea, macho bado kayafumba. "Nani?"

"Asalaam aleikum. Nguo zako tayari, bibie."

"Nimesikia," alisema. "Njoo tuanike."

Zilikuwa shuka mbili na kanzu moja. Ghanima alielekea kibandani nyuma ya kanga, kama alivyozoea, kisha akasimama. Akaifungua kamba, akaivuta mpaka katikati ya uani, wakazianika kwenye jua.