Vizuia Matangazo Vinne

Kila alasiri Kimbele alitoka shule moja kwa moja hadi dukani kwa shangazi yake mshonaji, akafanya kazi za shule kwenye kompyuta kuukuu iliyokaa kando ya cherehani. Jina hilo la utani alipewa na darasa zima kwa kimbelembele chake, wala hawakumsingizia.

Siku hiyo alikuwa na jambo kubwa. Maombi ya shule ya ufundi yalikuwa yanafungwa jioni hiyo hiyo, naye alitaka kuwa fundi umeme, basi. Lakini kurasa zilijaa matangazo ya viatu na sabuni, zikafunguka kwa kujivuta.

"Weka kizuia matangazo, ni kiprogramu tu," alimshauri binamu yake aliyekuwa ameketi kando yake. "Yasipopakuliwa, ukurasa unakuwa mwepesi."

Kimbele akaweka kimoja. Kurasa zikafunguka chapuchapu. Kwa nini aishie hapo? Akaongeza cha pili, cha tatu, hata cha nne. Kompyuta ikaanza kuvuma, kurasa zikagoma, na alipoifikia fomu ya maombi, kitufe cha kutuma hakikuwepo.

"Mtandao wenyewe mbovu," binamu alisema. "Twende zetu."

"Siendi popote." Machozi yalimlenga. "Shangazi, nimeharibu."

Shangazi alisimamisha cherehani. "Mara ya mwisho ilikwenda vizuri ulipokuwa na vingapi?"

"Kimoja."

"Haya, fumua. Polepole, kimoja kimoja, na kila mara uangalie."

Kimbele akafumua. Alitoa cha nne, akaujaribu ukurasa. Akatoa cha tatu, kisha cha pili. Wepesi ukarudi, lakini kitufe hakikurudi. Huenda hiki kilichobaki kinadhani kitufe ni tangazo, aliwaza. Akakizima kwenye ukurasa ule tu, akaufungua upya. Kitufe hicho hapo. Akakibonyeza, na maandishi yakatokea: maombi yamepokelewa. Kimbele akamgeukia shangazi, akicheka kwa furaha.

"Nikiweka walinzi wanne mlangoni," shangazi alisema, "kila mteja atapekuliwa mara nne, foleni ifike barabarani. Mmoja anatosha. Naye akimzuia mteja wa kweli, namwambia apishe. Ukipata kitu cha kukusaidia, mwanangu, kipime kwanza kabla ya kukirundika. Na ukikosea, usikimbie. Leo hukufikishwa na haraka yako. Umefikishwa na kukubali kurudi nyuma."