Kiraka Ndani ya Glavu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, mkono wangu wa kulia uliingia kwenye glavu ya mpira ukakuta unyevu.

Si jasho. Jasho nalijua.

Niliutoa haraka. Vidole viling'aa utelezi wa kijivu, na harufu ikanipanda mpaka kooni... harufu ya choo!

Wasomaji wangu, mimi ni fundi umeme. Mbele yangu kulikuwa na kabati la umeme la kiwanda cha mikate, mlango wazi, umeme unapita. Mwenye kiwanda alikataa tuuzime, eti oveni zake zitapoa. Kati yangu na kaburi palikuwa na glavu zile tu.

Msimamizi wetu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Alikuwa ameegemea magunia ya unga.

"Vaa basi, watu wanasubiri mikate."

"Shemeji, glavu zinanuka."

"Zinanuka nini?"

"Njoo unuse mwenyewe."

"Loo! Tumeleta fundi au bibi harusi?"

Vibarua wakaangua kicheko.

Sikubishana na kicheko. Nilifanya ninachofanya kila siku kabla ya kuvaa: nilikunja glavu kuanzia mdomoni, nikaibana hewa ndani mpaka ikavimba, nikaisogeza shavuni.

Fsss...

Hewa nyembamba ilinipiga shavu, ikitokea kwenye kidole gumba. Ilinuka vilevile.

Nikaigeuza ndani nje. Penye tundu palikuwa na kiraka cheusi cha mviringo, ukingo mmoja umebanduka.

Kiraka cha tairi!

Basi kuna mtu aliyeliona tundu, akaliziba, akanyamaza.

"Haya shemeji, vaa wewe."

Aliweka mikono nyuma.

"Mimi? Mimi ni msimamizi."

"Gusa kidogo tu."

Vibarua sasa walikuwa wakitazama miguu yao.

Shemeji akatoa simu, akampigia mume wangu, akafungua spika ili nione haya mbele za watu.

"Kaka, mkeo anagoma! Anasema glavu ni mbovu!"

Mume wangu ni fundi wa matairi. Alicheka.

"Zile ulizozibulia choo chetu Jumapili? Mwambie asiogope. Ule waya wa kuzibulia ulizitoboa kidogo tu, na kiraka nimekibandika mwenyewe. Kinashika tairi la lori!"

Kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye spika...

"Kiraka cha tairi ni cha kuzuia hewa, mume wangu," nikasema. "Na hata hewa kimeshindwa."

"Lakini mke wangu... nilizisuuza!"

Nikaichukua simu mkononi mwa shemeji, nikaikata.

Mafundi wenzangu, glavu ya umeme ikitoboka haizibwi. Hukatwa, asije akaivaa mwingine. Nilichukua mkasi, nikakata vidole vyote kumi, nikavitia kwenye mfuko. Kisha nikazima swichi kuu na kuitia kufuli langu.

Mwenye kiwanda akaja mbio.

"Mikate yangu!"

"Mikate itaokwa baadaye, mzee. Mimi sitaki kuokwa leo."

Kazi ikafanyika umeme ukiwa umezimwa. Ikaisha salama.

Jioni mume wangu alinawa mikono, akaketi mezani, akafunua sahani yake. Vidole kumi vya mpira, nimevipanga kuanzia gumba.

"Nini hiki?"

"Kula tu. Nimevisuuza."

Alisukuma sahani, akatoka nje akiwa ameziba mdomo.