Mikwaruzo Minne ya Daktari

— Simama hapo hapo, Daktari. Huu mkwaruzo Jumanne haukuwepo.

Fundi, binti aliyevaa aproni, alichuchumaa kando ya mlango wa nyuma, tochi mkononi, akapitisha kidole juu ya rangi. Kazi yake ilikuwa kung'arisha magari, na hakuwa akigusa gari kwa sabuni kabla ya kulizunguka na aliyelileta, kila alama iandikwe kwenye fomu, saini itiwe.

— Ni mbuzi, alijibu daktari wa mifugo, macho chini. Ana pembe mbaya sana.

— Juzi ulisema ng'ombe.

— Ng'ombe ni wa bampa.

— Na ule wa kwenye boneti?

— Bata.

Fundi alibana kicheko mpaka mbavu zikamuuma. Hii ilikuwa mara ya nne mwezi huu. Daktari alikuja shati limenyooka, ananukia vizuri, anamfuata nyuma akiuliza hili ni nini, lile limetokana na nini. Ukaguzi ukiisha, ananywea kama puto. Na Fundi naye, tuseme ukweli, siku hizi alikagua hata matairi mara mbili.

— Haya, tia saini.

Jumamosi asubuhi mwanamke mmoja aliingia uani na gari lile lile, amefura kwa hasira.

— Nani anaosha gari langu hapa?

Bosi alitoka mbio ofisini.

— Lako, mama? Si la Daktari?

— La kwangu! Mdogo wangu namwazima tu. Kila likitoka kwenu lina mkwaruzo mpya. Mnaosha kwa sabuni au kwa misumari? Someni wenyewe!

Akanyoosha simu. Meseji ya Daktari ilisema: "Dada, labda ni huko ninakoosha."

Bosi akamgeukia Fundi.

— Vua aproni uende nyumbani. Sitaki kesi mimi.

— Bosi, subiri kwanza.

Fundi akaleta fomu nne. Mikwaruzo yote ilikuwa imeandikwa kabla gari halijaguswa na maji. Dada mtu akazisoma moja moja, akaitambua saini, akapiga simu na kuweka spika.

— Wewe! Nani amechubua gari langu?

— Dada, si nilikuandikia...

— Nyamaza. Kuna binti hapa anafukuzwa kazi kwa maneno yako.

Kisha sauti ikapasuka:

— Asifukuzwe! Ni mimi! Nilitumia ufunguo!

— Umerukwa na akili?

— Gari likiwa zima, anakagua dakika tatu. Likiwa na mkwaruzo, robo saa. Sikujua namna nyingine ya kukaa naye, dada.

Waosha magari wakaangua kicheko, mmoja akadondosha ndoo. Fundi hakucheka. Aliichukua simu.

— Daktari, rangi itarekebishika. Lakini ulinisingizia.

— Niliogopa.

— Ukaniachia mimi msala? Njoo uombe radhi hapa, mbele ya hawa wote.

Daktari alifika kwa miguu, anahema, buti za mpira zimejaa kinyesi cha ng'ombe, hana harufu nzuri hata chembe. Akamwomba radhi Bosi, akamwomba dada yake. Kisha akamgeukia Fundi.

— Nimekukosea. Ungepoteza kazi kwa sababu ya woga wangu. Nakupenda, na nimeanza vibaya.

— Vibaya sana, alisema Fundi. Kwanza ungesema tu, ningekubali tangu bampa.

Bosi akajifanya anakohoa. Daktari akasogea hatua moja.

— Kwa hiyo... umekubali?

— Kesho alasiri mama yangu yupo nyumbani. Njoo umsalimie, tuone.

— Nitakuja!

— Nitamleta mwenyewe, alidakia dada mtu, akimshika mdogo wake mkono kama mtoto. Na salamu nitatoa mimi. Huyu akifungua mdomo tu, atamtaja bata.