Bangili ya Maranda

Mkereza huyu tumepakana naye ukuta, kwa hiyo haya sikuyaokota njiani. Ni mtu wa mizaha, na siku hiyo kulikucha vizuri tu. Aliwasha mashine yake ya kukereza, ile inayozungusha mti huku ukichongwa, akawa anapiga mluzi, na binti yake mdogo, waliyempachika jina la Kifungo, akakaa kizingitini kama kawaida yake.

Akaja mama mmoja wa makamo, mpole, kakumbatia kipande kinene cha mti kifuani. Alitaka ubao wa mviringo wa kuandalia wageni vikombe, ukingo wake uwe na nakshi. Sharti lake lilikuwa moja: maranda yote yaingie kwenye gunia alilokuja nalo, arudishiwe. Mkereza akacheka moyoni. Nani duniani anafuatilia maranda? Akamwambia aende zake, asiwe na wasiwasi.

Aliufunga mti kwenye mashine, akausogezea patasi. Ulikuwa laini ajabu. Maranda yalitoka marefu, yamejikunja, yana joto, na hilo si geni. Lakini harufu yake ilikuwa ya mtu aliyetoka kuoga. Akajiambia ni pua zake tu. Alipopiga msasa, ubao uling'aa hata akajisifu kwa sauti. Kifungo naye alikwisha okota utepe mmoja wa maranda, akauvaa mkononi, bangili hiyo. Baba yake aliona, akamwacha. Watoto wote wa wakereza huvaa bangili hizo.

Alasiri yule mama akarudi. Ubao aliutia kwapani bila hata kuutazama. Aliinua gunia, akalipima mkononi.

"Hayajatimia, fundi," alinong'ona.

"Ni hayo tu, mama."

"Haya. Yaliyobaki yatakuja yenyewe."

Kwa nini mkereza hakusema ukweli? Aliona haya kidogo tu, jamani, kwamba kavunja sharti la mteja kwa mchezo wa mtoto. Akazima mashine, akaishusha mkanda unaoizungusha, akaanza kufagia.

Mkewe akamwita toka uani. Hakupiga kelele. Alimwita kwa sauti ndogo, na hiyo ndiyo iliyomtisha.

Kifungo alikuwa amesimama katikati ya ua, mikono imenyooka, anazunguka. Nyayo hazinyanyuki. Anazunguka tu, macho wazi, taratibu, kisha kwa kasi, kisha kwa kasi zaidi. Mama yake alijaribu kumshika, akarushwa mpaka ukutani.

"Baba Kifungo," mkewe alinong'ona, "zima mashine yako."

Alikwisha izima. Lakini sasa aliisikia. Inanguruma nyuma ya ukuta.

Akakimbia. Swichi imezimwa. Mkanda umelala sakafuni. Na mhimili, kile chuma kinachoushika mti, unazunguka, mtupu. Akachomoa waya. Ukazidi kuzunguka. Akaushika kwa viganja vyote viwili. Ngozi ikaungua. Akabana. Akalia huku akimwita mwanawe. Akabana mpaka ukasimama.

Huko uani mtoto alianguka mikononi mwa mama yake. Alipumua, akalia, akaomba maji. Bangili haikuwepo. Chini, miguuni pake, yalikuwepo maranda membamba, meupe, yenye joto, nayo hayakuwa ya mti. Mkewe aliyazoa, na hadi leo hataki kuulizwa aliyapeleka wapi.

Mashine wameivunjavunja. Yule mama hakuonekana tena, wala hakuna anayemjua. Kifungo anacheza, anakula vizuri, anatusumbua majirani. Ila mkono ule uliovaa bangili umekuwa mwembamba kuliko mwenzake, laini mno, hauna kinyweleo, na kiganja chake hakina mstari hata mmoja.

Walimpeleka kwa daktari. Alimshika kifundo cha mkono kutafuta mapigo. Akahamisha vidole, akashika tena. Kisha akamwomba baba mtu ashike mwenyewe.

Mapigo hakuna. Kuna mngurumo mdogo ndani, na hausimami.