Akaunti ya Bathsheba

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa chai. Gesare, meneja wa chama cha wakulima wa majani chai kule Ekerenyo, alimmiminia Manasseh kikombe cha pili, akamtania.

"Zamani printa ikikwama ulikuja na bisibisi. Siku hizi unakuja na ripoti."

"Ndiyo kazi ya mshauri, Mama."

Kwa miaka kumi na mmoja Manasseh alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja mjini Kisii. Mkewe, Bathsheba, ndiye aliyemsukuma ajitegemee, na ndiye aliyesahihisha kila alichoandika. Alizikwa Machi, kando ya nyumba yao Suneka. Gesare alikuwa mteja wa kwanza wa Manasseh. Ripoti ilitakiwa kesho yake, saa tatu asubuhi.

"Pendekezo la kwanza," Manasseh alisema, "fungeni akaunti za waliofariki. Karani wenu Ochanda alituacha Januari, na jina lake bado linaingia kwenye kompyuta zenu."

"Kumbe marehemu anaripoti kazini zaidi kuliko walio hai!" Gesare alicheka.

Alasiri hiyo, mvua ikipiga mabati, Manasseh alifungua ripoti mtandaoni, kwenye kompyuta yake nyumbani. Juu ya ukurasa, panapoonyesha nani ameufungua wakati huo, palikuwa na majina mawili. Lake, na la Bathsheba.

Akaunti ya mkewe, ile aliyoitumia kumsahihishia, hakuwahi kuifunga. Wengine aliwaambia wafunge. Kwa ile ya mkewe, mkono ulikataa.

Neno alilokuwa amekosea likaanza kusahihishwa. Herufi moja. Nyingine. Nusura afurahi.

"Mama Ian?" alinong'ona.

Kishale chenye jina la Bathsheba kikashuka. Kikafika kwenye orodha ya marehemu watatu wa chama. Kikaandika jina la nne.

Manasseh Onyancha.

Alivuta droo. Simu ya Bathsheba ilikuwa imezimwa tangu mazishi. Aliigusa. Ilikuwa na joto.

Asubuhi aliifunga akaunti ya mkewe, akafuta jina lake mwenyewe kwenye orodha, akachapisha ripoti. Karatasi ilitoka polepole. Mstari wa nne ulikuwepo.

Ian Onyancha.

Mwanawe. Miaka sita. Alikuwa Magwagwa, kwa nyanya yake.

Manasseh alipiga simu.

"Mama, Ian yuko?"

"Yuko, mwanangu. Amekaa mlangoni na begi lake. Uji amekataa. Anasema mamake amemwambia ajitayarishe."

Manasseh aliiacha simu wazi juu ya meza, akaifungua tena akaunti ya Bathsheba. Kwenye mstari wa nne alifuta jina la mtoto. Akaandika lake mwenyewe, herufi kwa herufi, bila kukosea.

Alingoja.

"Haya," sauti ya nyanya yake Ian ikasema kwenye simu. "Ameweka begi chini. Sasa anataka uji."

Alichapisha upya. Alitia sahihi, akavaa koti, akaibeba ripoti kwenda Ekerenyo. Chini ya sahihi yake, mahali ambapo yeye hakuandika kitu, palikuwa pamechapishwa neno moja: Imesahihishwa.