Tandiko Tupu Mahameni

Huyu Nikodemo alikuwa shemeji wa jirani yetu, mtu wa Mbeya, katibu wa kijiji kipya cha ujamaa upande wa Mpui. Mwaka sabini na tano, asubuhi yenye jua zuri, yeye, mkewe Sekela na binti yao mdogo Atusaye walidandia lori kwenda kununua farasi wawili wa kupanda, kwenye shamba la mzungu aliyekwisha ondoka nchini. Watu waliwacheka. Farasi, Ufipa! Lakini masika yaliyopita kifua cha Atusaye kilibana, matope yakazuia magari, ikabaki kidogo wamzike. Nikodemo aliapa kwamba safari hii mwanawe atafika hospitali Sumbawanga hata kwa mgongo wa mnyama.

Oswaldi, mlinzi wa shamba, aliwafungia matandiko na kuwaonyesha namna ya kushika hatamu. Wakati wa kuagana akamsogelea Nikodemo.

"Ndugu katibu, pale mahameni msipite na tandiko tupu. Kila farasi awe na mtu."

"Achana na ushirikina, mzee," Nikodemo akacheka.

Mahame yenyewe yalikuwa kijiji cha zamani, watu walikohamishwa wakati wa operesheni na nyumba zikaezuliwa. Njia ya kutoka kijiji chao kipya kwenda barabara kuu ilipita katikati yake. Walipofika hapo wakirudi nyumbani, jua lilikuwa bado juu. Sekela alishuka atembee kidogo maana mapaja yalimwuma, akawa anamwongoza farasi wake kwa kamba. Nikodemo alitangulia na mtoto. Mara akamsikia mkewe nyuma.

"Shikamoo, bibi... Ndiyo, umefika. Karibu upande, huyu hana mtu."

Akageuka. Hakuona mtu.

"Unaongea na nani, Mama Atusaye?"

"Na bibi huyu wa kizingitini. Ameuliza kama usafiri wake umefika." Sekela akatazama tena. "Alikuwa hapa. Ana chongo. Amepakata kifurushi."

Nikodemo akamjua. Bibi Emerensiana. Siku ya kuhama lori lilijaa, na ni yeye katibu aliyemwambia bibi akae kizingitini, gari litarudi. Halikurudi, naye hakulifuatilia. Walimkuta baadaye, amekaa vilevile, amekufa.

Ngozi ya tandiko ikalia. Farasi akabonyea mgongo. Vyuma vya kukanyagia vikanyooka. Cha kushoto. Kisha cha kulia.

Tangu hapo yule farasi hakukubali kupandwa. Alisimama uani kutwa, amebonyea, kama mwenye mzigo.

Mvua zikaanza. Kifua cha Atusaye kikabana. Alfajiri Nikodemo akampakia kwenye farasi mwingine, wakaondoka mbio. Mahameni mnyama akasimama. Akampiga. Akambembeleza. Hakwenda. Nyuma yao yule wa pili akaja taratibu, peke yake, tandiko mgongoni. Hakuna aliyemtandika.

Atusaye akainua kichwa.

"Baba, nishushe," akanong'ona. "Bibi amesogea. Anasema nikae."

"Bibi, nisamehe!" Nikodemo akalia. "Nichukue mimi!"

Akambeba mtoto mgongoni, akakimbia kwenye tope huku akimwita jina. Alipofika barabara kuu alikuwa amebeba maiti, na hata hivyo aliendelea kumwita.

Masika yote yale, waliopita mahameni waliona kizingiti cha Emerensiana, kisicho na paa, kimelowa chote isipokuwa sehemu mbili kavu. Moja ya mtu mzima. Nyingine kando yake, ndogo.